Utaratibu wa Kujichukulia Gari Kiwandani

Kwa heshima na furaha kubwa, Kiwanda kinautangazia umma kwamba kuanzia sasa kila mnunuzi wa gari jipya anaruhusiwa kuja mwenyewe kulichukua pale lilipotengenezwa, bila kulipa ada ya ufikishaji, siku hiyohiyo, kwa tabasamu.

Tangazo hilo niliandika mimi. Neno "tabasamu" liliongezwa na Mkurugenzi wa Ufikishaji, na sina ugomvi nalo. Mimi ni Afisa Taratibu Daraja la Pili. Sikusoma sana. Kanuni za Kiwanda nilijifunza mwenyewe kwa kuzinakili kwa mkono miaka mitatu, nilipokuwa karani wa chumba cha mafaili, na mpaka leo nikitafuta kanuni hukumbuka ni ukurasa upi kalamu iliishiwa wino. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba nitakachoeleza nakieleza kwa mpangilio, na simlaumu mtu.

Nianze na ada. Kabla ya tangazo, kila gari lilipelekwa kwa mnunuzi juu ya lori, na ada ilikuwa moja kwa wote. Anayeishi kilomita mia tisa na anayeishi nyuma ya uzio wetu walilipa sawasawa, kwa sababu haki ni usawa. Fundi viatu mmoja, ambaye dirisha lake linatazama karakana yetu ya rangi, alilipa ada kamili. Gari lake likapakiwa lorini, likazungushwa pamoja na magari ya wengine siku kumi na tisa, likashushwa mlangoni kwake likiwa limesafiri kuliko yeye maishani mwake. Hakulalamika sana. Alisema tu kwamba asubuhi ya kwanza aliliona likitoka getini, akalipungia mkono.

Malori yenyewe ni ya baba mkwe wa Mkurugenzi. Watu mitaani wamelisema sana jambo hili kana kwamba ni baya. Mimi niliona linarahisisha mawasiliano: badala ya kuandikiana barua, walikuwa wanamalizana Jumapili mezani.

Hata hivyo malalamiko yalifika kwenye Bodi, na Bodi ikaagiza wateja waruhusiwe kujichukulia magari. Mkurugenzi akaniita ofisini, akafunga mlango, akaangalia kama umefungika.

"Afisa Taratibu, wewe ni mtu makini."

"Najitahidi, Bwana Mkurugenzi."

"Nataka utaratibu. Lakini uwe utaratibu ambao mtu akiuanza, akifika katikati, yeye mwenyewe aseme: jamani, si bora ningelipa tu ile ada?"

Nikaelewa kwamba anataka utaratibu kamili. Nikampa.

Ugumu ulikuwa mmoja. Kanuni ya Ishirini na Mbili inasema hakuna gari jipya litakalovuka mstari wa njano getini isipokuwa linaendeshwa na mtumishi wa Idara ya Ufikishaji. Mteja si mtumishi. Wenzangu walipendekeza tubadilishe kanuni. Lakini kubadilisha kanuni huchukua miaka miwili na sahihi kumi na moja, ilhali kumbadilisha mteja huchukua asubuhi moja. Nikaamua mteja aajiriwe. Ataomba kazi, atasailiwa, atapimwa afya, atavalishwa sare na kula kiapo. Kisha, akiwa mtumishi halali, ataondoka na gari la mteja, ambaye ni yeye, na kumkabidhi. Utaratibu huo tuliuita Ajira ya Safari Moja.

Katika wiki tatu za kwanza walikuja wateja kumi na wanne. Wote kumi na wanne walifika katikati, wakayasema yale maneno ya Mkurugenzi karibu neno kwa neno, wakaenda kwenye dirisha la ada. Mkurugenzi aliniandikia barua ya pongezi. Ikapangwa siku ya uzinduzi, kwa maana sisi huzindua jambo baada ya kuona kwamba halidhuru. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, na Mwenyekiti wa Bodi angekuja na wapiga picha wa magazeti.

Ijumaa hiyohiyo, saa tatu asubuhi, akaja mteja wa kumi na tano.

Alikuwa mama wa makamo, mnene wa mikono, anayepika mikate ya kuuza katika mji ulio kilomita mia tatu na arobaini kutoka kwetu. Kwao wanamwita Mama Mikate. Alikuja na mdogo wa mumewe, fundi wa injini, ambaye yeye alimwita shemeji na ambaye naye alimwita shemeji, hivyo katika kumbukumbu za kikao wameandikwa Shemeji wa Kwanza na Shemeji wa Pili mpaka nilipouliza. Hapa nitamwita yule fundi Shemeji.

"Nimekuja kuchukua gari langu," alisema Mama Mikate, akaweka risiti mezani. "Lile dogo la mizigo, jeupe. Nimelipa lote."

"Hongera, mama. Barua ya maombi umekuja nayo?"

"Maombi ya nini?"

"Ya kazi."

Akamtazama Shemeji. Shemeji akatazama dari.

"Baba, kazi ninayo. Ninachotafuta ni gari."

Nikamweleza hatua zote kwa utaratibu, nikirudi nyuma pale alipokunja uso. Alinisikiliza vizuri.

"Kwa hiyo mnaniajiri."

"Kwa safari moja."

"Ili niendeshe gari langu."

"Gari la mteja," nilimsahihisha.

"Na huyo mteja ni nani?"

"Ni wewe. Lakini ukishakuwa mtumishi, hutakiwi kuwa na mazoea naye."

Shemeji alikohoa mpaka akatoka nje.

Nilimwambia, kwa sababu ni haki yake kujua, kwamba bado angeweza kulipa ada. Akasema ada hiyo ni unga wa miezi miwili. Lakini tatizo lake halikuwa pesa tu.

"Hata mngenibebea bure, lori lenu linafika baada ya wiki tatu. Mimi Jumatatu nina shule nne. Zinafunguliwa siku hiyo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mikate iwe jikoni kwao, na shule ya kwanza hadi ya nne ni mwendo wa saa nzima. Mkataba unasema asubuhi ya kwanza ikipita bila mikate, zabuni anapewa aliyekuwa wa pili. Na wa pili yupo, ananiombea nikwame. Nina wanawake sita wameacha vibarua vyao waje kukanda unga kwangu. Sasa niambie, hiyo barua naandikia karatasi gani?"

Nikampa karatasi. Aliandika haraka, kwa mwandiko mzuri: *Naomba kazi ya kuendesha gari langu hadi kwangu. Naahidi kuifanya kwa moyo.* Nikamwomba afute "langu" na "kwangu". Akafuta.

Usaili ulikuwa na watu watatu: mimi, Afisa Utumishi, na Mhasibu, ambaye hakuwa na swali lolote ila chumba cha usaili ndicho chumba chake. Afisa Utumishi ni mtu wa haki. Anauliza watu wote maswali yaleyale, awe anatafuta kazi ya ufagizi au ya uhandisi.

"Kwa nini unataka kufanya kazi na Idara yetu?"

"Nataka gari."

Tukaandika: ana ari.

"Una uzoefu wowote wa kufikisha vitu?"

"Mikate, kwa baiskeli. Miaka kumi na moja."

"Umewahi kuchelewa?"

"Siku moja. Nilijifungua njiani."

Tukaandika: aliwahi kuchelewa kwa sababu binafsi.

"Unajiona wapi miaka mitano ijayo?"

"Ndani ya hilo gari. Kama nitakuwa nimeshatoka humu."

Shemeji alikuwa amesimama nje ya dirisha, mwili wote ndani isipokuwa miguu. "Shemeji, waambie wewe ndiye mwenye gari!"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wanasema huo ni mgongano wa maslahi."

Ilikuwa kweli. Afisa Utumishi aliona si vizuri dereva kusafirisha mali ambayo ana faida nayo. Tulijadili kwa nusu saa. Mwishoni Mama Mikate akajaza tamko kwamba anamfahamu mteja, kwamba ameishi naye nyumba moja tangu kuzaliwa, na kwamba hatampendelea. Akaajiriwa kwa kura mbili. Mhasibu alikuwa amesinzia.

Kipimo cha afya kilikwenda vizuri. Muuguzi wa Kiwanda anataka kila dereva anyanyue gurudumu la akiba hadi kifuani. Mama Mikate alilinyanyua, akauliza aliweke wapi. Sare yetu ni ya saizi moja, iliyokadiriwa kutokana na wastani wa miili ya watumishi wote, na kwa sababu hiyo haijawahi kumtosha yeyote. Koti lilimfika magotini. Kiapo alikisema bila kukosea, mkono juu ya kitabu cha kanuni, na alipofika kwenye maneno "sitaliacha gari la mteja njiani kwa sababu yoyote" sauti yake ilikuwa na uzito hadi Afisa Utumishi akavua kofia.

Kikwazo kilitokea kwenye Dawati la Uthibitisho. Huko kuna karani mmoja, msichana mwenye adabu sana, ambaye kazi yake ni kumpigia simu mteja na kuhakikisha yupo nyumbani kabla gari halijaondoka. Ni hatua ya busara. Zamani magari yalikuwa yanafika na kukuta watu wameenda msibani.

Karani akapiga namba iliyo kwenye risiti. Simu ikaita ndani ya mkoba wa Mama Mikate, aliyekuwa amekaa mbele yake, hatua moja.

Mama Mikate akapokea. "Haloo."

"Haloo, shikamoo mama. Napiga kutoka Kiwandani. Naongea na mteja?"

"Marahaba mwanangu. Ndiye."

"Tunataka kukuletea gari lako. Uko nyumbani?"

"Niko mbele yako. Nakuona. Una wino shavuni."

Karani akajifuta. "Asante. Kwa hiyo nyumbani hupo?"

"Nitakuwaje nyumbani na niko hapa?"

"Basi samahani, mama. Mteja hayupo nyumbani. Safari imeahirishwa." Akakata simu, akamgeukia Mama Mikate kwa huruma. "Dereva, pole. Mteja wako hapatikani."

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Mama Mikate hakupiga kelele. Alifungua vifungo viwili vya juu vya koti, akaniangalia mimi, si karani.

"Baba, wewe ndiye uliyeziandika hizi hatua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi unajua zinapopita."

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Wale kumi na wanne walikuwa wananiuliza hatua zinaishia wapi. Nikachukua kitabu, nikasoma ibara ile mara tatu. Inasema mpokeaji aliyeidhinishwa awe nyumbani. Haisemi nyumbani kwa nani. Mlinzi wa geti anaishi na mkewe katika nyumba ndogo ndani ya uzio wetu, yenye mlango, dirisha na anwani. Nikaliandika jina la Shemeji kama mpokeaji, Shemeji akachukua simu akaenda, na karani akapiga tena.

"Haloo! Uko nyumbani?"

"Niko nyumbani kabisa," alijibu Shemeji, na sauti yake tuliisikia mara mbili, simuni na kupitia dirishani. "Nimepewa kiti. Mama mwenye nyumba anauliza kama nitakula."

Safari ikathibitishwa.

Ilipotimia saa tisa kasoro dakika tano, gari jeupe lilikuwa hatua kumi kutoka mstari wa njano, limewashwa, hati ya safari imegongwa mihuri sita, na Mama Mikate yuko nyuma ya usukani. Alikuwa amevuta kiti mbele. Kwa mara ya kwanza tangu utaratibu uanze, ulikuwa unaelekea kufika mwisho. Nilihisi kitu kifuani, na nikaamini ni fahari ya kazi.

Ndipo ujumbe wa uzinduzi ukatokea upande wa bustani. Mbele alikuwa Mwenyekiti wa Bodi, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu wa hesabu, anayetembea polepole na kuuliza maswali mafupi. Pembeni yake alikuwa Mkurugenzi, mkubwa wa umbo na wa sauti. Nyuma walikuja wapiga picha watatu.

Mkurugenzi hakuwa amewahi kumwona mteja aliyefika getini. Akanivuta kando.

"Huyu amefikaje hapa?"

"Kwa kufuata hatua, Bwana Mkurugenzi."

"Zote?"

"Zote."

Akalitazama gari, kisha mimi. Lakini ni mtu anayeamua haraka, na wapiga picha walikuwa wameshaanza kuchagua pa kusimama. Mmoja wao alisema picha ya gari likivuka mstari ndiyo itakayokwenda ukurasa wa mbele. Mkurugenzi akatazama ukurasa huo kichwani mwake, akaona ulivyokuwa na koti la magotini na Mama Mikate. Akalisogelea gari, akagonga kioo.

"Mama, hebu shuka kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Dakika mbili. Nalivusha geti, wanapiga picha, nakurudishia."

"Bwana mkubwa, mimi nimekuwa humu ndani tangu saa tatu. Nikishuka, nani anajua nitapandishwa lini?"

"Mimi ndiye Mkurugenzi wa Ufikishaji."

"Na mimi ndiye dereva. Nimeapa, muulize huyu."

Nikathibitisha kwamba ameapa. Mlinzi wa geti naye akasogea, mikono nyuma. Amelinda mstari ule miaka kumi na tisa. Aliwahi kumrudisha mhandisi mkuu aliyekuwa anafukuzwa na nyuki.

"Mzee," alimwambia Mkurugenzi, "jina lisilo kwenye hati ya safari halivuki."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimeteremsha sauti."

Mwenyekiti alikuwa ameshafika karibu, anasubiri. Wapiga picha walikuwa wameinua kamera.

"Andika jina langu basi!" Mkurugenzi aliniambia. "Upesi!"

Nikaliandika. Nikapiga mstari juu ya jina la dereva wa kwanza, nikaweka la Mkurugenzi, cheo: Dereva wa Safari Moja. Akatia sahihi mahali panne bila kusoma, maana kusoma ni kazi ya ngazi za chini. Mama Mikate akahamia kiti cha abiria, kwa sababu hati inamruhusu mteja kusindikiza gari lake, na tangu alipofutwa kwenye udereva alikuwa amerudi kuwa mteja. Mlinzi akakohoa, akaangalia koti. Mama Mikate akalivua.

"Vaa, bwana mkubwa. Linapwaya kidogo."

Kwa Mkurugenzi halikupwaya. Vifungo vilikataa kufika vilipotakiwa, na mikono yake ilitokeza kuanzia viwiko. Hata hivyo alivusha gari vizuri sana. Mstari wa njano ukapita chini ya magurudumu, kamera zikalia, tukapiga makofi. Kisha taa ya kurudi nyuma ikawaka, na mlinzi akateremsha kizuizi.

"Fungua, narudi."

"Mzee, gari likishavuka ni la mteja. Likirudi ndani, linarudi kama gari la matengenezo, na matengenezo ni kwa miadi."

"Nipe miadi!"

"Iliyo karibu ni wiki sita."

Nikaenda dirishani. Uso wa Mkurugenzi ulikuwa umeanza kutoa jasho. Akaniambia kwa kunong'ona, "Basi nashuka. Atakuja mtu mwingine aendelee."

Nikamsomea, kwa sauti ya kunong'ona vilevile, Kanuni ya Thelathini: dereva atakayeliacha gari la mteja njiani, kwa sababu yoyote, atahesabiwa ameacha kazi, na haki zake zote za utumishi zitakoma saa hiyo.

"Hiyo ni ya madereva!"

"Ndiyo, Bwana Mkurugenzi."

Hakuhitaji kukumbushwa ilikotoka. Aliipendekeza yeye mwenyewe mwaka juzi, baada ya dereva mmoja kuegesha lori kituoni ili ampeleke mwanawe hospitali. Yule dereva alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini.

"Nitafutie namna," alisema. "Wewe unajua zinapopita."

Nikatafuta. Nilifungua kitabu juu ya boneti na kukipitia bila haraka, maana jambo kama hili halitaki pupa. Nilikuwa bado kwenye sura ya nne Mwenyekiti wa Bodi alipofika, akainama dirishani.

"Kijana," alimwambia Mkurugenzi, "kumbe unampelekea mwenyewe?"

Kamera tatu zilikuwa nyuma ya bega la Mwenyekiti.

"Ndi... ndiyo, Mwenyekiti."

"Mpaka kwake?"

"Mpaka shuleni, Mwenyekiti," alidakia Mama Mikate. "Shule nne. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

Mkurugenzi akanyakua hati ya safari, akaisoma kwa mara ya kwanza. Mwisho wa safari ulikuwa umejazwa na mteja mwenyewe asubuhi, kwa ule mwandiko wake mzuri. Fomu inauliza gari linahitajika wapi na lini, naye alijibu swali. Chini yake palikuwa na nafasi nne za sahihi za walimu wakuu. Bila sahihi hizo, gari halijafika na safari haijaisha.

"Na ada?" aliuliza Mwenyekiti.

Mkurugenzi akajaribu kufunga kifungo kimoja cha koti.

"Bila ada," alisema Mkurugenzi, kwa lile tabasamu la kwenye tangazo.

"Vizuri," alisema Mwenyekiti, akatoa kitabu kidogo na kalamu. "Nataka nijue utatumia lita ngapi."

Shemeji alifika akikimbia kutoka nyumba ya mlinzi, anafuta mdomo, akarukia nyuma ya gari na kisanduku chake cha vifaa. "Twende, dereva! Ila gia ya tatu uende nayo kwa upole, bado mpya." Mama Mikate akashusha kioo, akanishukuru kwa kunitazama tu, kisha akamgeukia Mkurugenzi. "Washa taa ya kona, bwana mkubwa. Unaingia barabara kuu."

Yaliyofuata nayajua kwa njia ya simu. Waliingia mjini kwake usiku huohuo, na Jumamosi na Jumapili dereva alikaa kwao, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na gari hangeweza kuliacha. Alipewa chumba cha kuhifadhia unga. Wale wanawake sita walimheshimu sana, wakamwomba ashushe magunia. Hakuna fungu la posho kwa Dereva wa Safari Moja. Mkurugenzi alikuwa amelifuta kwenye rasimu yangu ya kwanza, pembeni akiandika: *Watajitegemea.*

Jumatatu saa kumi na mbili kasoro robo alinipigia. Nilikuwa bado nyumbani, lakini niliketi wima.

"Niko shule ya tatu," alisema. Nyuma yake watoto walikuwa wanapiga kelele. "Mwalimu mkuu hataki kutia sahihi mpaka ahesabu mikate."

"Ana haki hiyo, Bwana Mkurugenzi."

"Anahesabu mmoja mmoja!"

"Ndiyo njia yake."

"Na watoto wananiita mjomba." Akashusha pumzi. "Sikiliza. Kama ingekosekana... tuseme mmoja... fomu inasemaje?"

Nikamjibu kwamba fomu ina sehemu ya upotevu, na ijazwe kwa ukweli.

Hati ya safari ilirudi Jumatano ikiwa na sahihi nne. Nimeikagua, iko sawa. Shule ya nne ilipokea mikate yake dakika saba kabla ya muda, zabuni imebaki kwa Mama Mikate, na wiki iliyofuata walikuja wateja thelathini na wawili kuulizia kwa upole ni lini Mkurugenzi atakuwa na nafasi. Mwenyekiti wa Bodi aliiomba hati hiyo, akakaa nayo usiku mmoja. Aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba gari limefika mjini siku hiyohiyo kwa lita thelathini na tano za mafuta, kisha akaigawanya ada ya ufikishaji kwa bei ya lita ili aone ingenunua lita ngapi, akapigia mstari jibu, na kumwita baba mkwe wa Mkurugenzi, mwenye malori, kwenye Bodi aje amsaidie kuona alipokosea hesabu. Mpaka kikao kitakapokaa, malori yamesimama, na magari yanayotakiwa yanapelekwa na watumishi waliopo. Mtumishi aliyepo mwenye uzoefu wa kufikisha ni mmoja, na koti lake tumeliongezea kitambaa pembeni.

Kwenye sehemu ya upotevu, kwa mwandiko wa dereva, paliandikwa: *mkate mmoja, sababu binafsi.* Mwenyekiti hakuuliza zaidi. Aliandika chini yake, "Akatwe," na mimi nikaipeleka kwa Mhasibu.